Waliotoka Genesis bila kubamiza mlango

Wazanzibari wana Freddie Mercury wao. Ukithubutu kutaja roki mbele ya Mzanzibari, lazima akukumbushe kwamba yule bwana alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Haya, hongereni. Ila na sisi wa Dodoma tuna kamba yetu inayotufunga na roki ya Uingereza, na kwangu mimi ni tamu kuliko hiyo ya visiwani, maana ya kwao ni habari ya mtu kuzaliwa mahali, ya kwetu ni habari ya muziki wenyewe. Inaanzia kwenye shule ya watoto wa wenye nazo huko Surrey, inapita kwenye bendi iitwayo Genesis na mwimbaji aliyeiacha, inapita kwenye madeni ya tamasha lililokula hasara, halafu inaibukia Doduma, kijiji alikozaliwa Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi mitambo. Kama umewahi kwenda harusi, sendofu au kipaimara hapa mjini, huenda umeshapigiwa vigelegele kupitia spika zangu bila kujua ni za nani. Wikiendi napapasa kinanda kwenye bendi ndogo ya hotelini, hasa msimu wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, mji unapojaa wageni wenye posho. Kwa hiyo mambo ya bendi kuondokewa na watu nayajua kwa kuyaishi, na ndiyo maana Genesis imenikaa kichwani miaka yote hii.

Niliipata kwa baba. Alikuwa dereva wa misheni upande wa Manyoni, na pale palikuwa na Mwitaliano mmoja wa kujitolea, fundi umeme, aliyekuwa akipanda naye Land Rover kwenda kutengeneza pampu za visima. Mwitaliano alipomaliza muda wake alimwachia baba redio kaseti na boksi la kaseti zenye maandishi ya kalamu ya bluu. Nyingi zilikuwa nyimbo za mapenzi za kwao, baba akazipenda hizo. Moja ilikuwa Foxtrot ya Genesis, hakuna aliyeitaka nyumbani, ikawa yangu. Mkanda ulikuwa umeshaliwa na redio mara nyingi, kuna mahali sauti inazama na kuibuka, na mpaka leo nikisikiliza nakala safi nashtuka kwamba pale hapazami.

Kwa nini Mwitaliano awe na Genesis? Nilikuja kuelewa baadaye. Italia na Ubelgiji ndizo zilizoipenda bendi hii kabla Waingereza wenyewe hawajaamka. Nursery Cryme, albamu yao ya 1971, ilipanda chati za Italia wakati kwao ilikuwa inapita bila kelele. Nabii na kwao, lakini hilo tunalijua.

Bendi ilizaliwa mwaka 1967 katika shule ya bweni ya Charterhouse, mjini Godalming. Palikuwa na vikundi viwili vya wanafunzi. Kimoja alikuwamo Peter Gabriel, mwimbaji, na Tony Banks wa kinanda. Kingine walikuwamo Mike Rutherford na Anthony Phillips, wapiga gitaa. Vikaungana. Jina walipewa na Jonathan King, aliyewahi kusoma shule hiyohiyo, akawa mtayarishaji wao wa kwanza. Albamu ya mwanzo, ya 1969, ikaitwa From Genesis to Revelation, na inasimuliwa kwamba baadhi ya maduka yaliipanga kwenye rafu ya muziki wa dini. Haikuuza. Hapa Dodoma ingewekwa mezani nje ya kanisa siku ya Jumapili, pengine ingetoka yote.

Wapiga dramu hawakudumu. Chris Stewart aliondolewa mapema, na baada ya miaka mingi akawa mfugaji na mwandishi wa vitabu huko Hispania, mkata manyoya ya kondoo. Akaja John Silver, akaenda zake Marekani kusoma. Akaja John Mayhew, naye hakukaa. Kisha pigo kubwa zaidi: mwaka 1970 Anthony Phillips aliacha bendi. Afya ilikuwa imedhoofu na jukwaa lilikuwa linamtisha kupita kiasi. Wenyewe wamesema mara nyingi kwamba hapo ndipo walipokaribia kabisa kufunga virago, kuliko hata alipoondoka Gabriel. Mashabiki wengi hawalijui hilo, kwa sababu Phillips hakuwa sura ya bendi. Alikuwa mtunzi.

Nafasi ya dramu ikatangazwa, na hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Usaili ulifanyika nyumbani kwa wazazi wa Gabriel. Kijana mmoja wa London aitwaye Phil Collins, umri miaka 19, alifika mapema, zamu yake haijafika, akaambiwa aogelee kwenye bwawa la nyumbani pale akisubiri. Akiwa majini akawa anawasikia wenzake wakipigishwa vipande vilevile, mmoja baada ya mwingine. Alipoitwa ndani, nywele hazijakauka, alikuwa ameshavikariri vyote. Kazi akapata. Mpiga gitaa, Steve Hackett, walimpata mwanzoni mwa 1971 baada ya kutoa tangazo lake kwenye gazeti la muziki la Melody Maker akitafuta wenzake.

Hao watano, Gabriel, Banks, Rutherford, Collins na Hackett, ndio waliotengeneza Nursery Cryme, Foxtrot ya 1972, Selling England by the Pound ya 1973 na ile albamu ya santuri mbili ya 1974, The Lamb Lies Down on Broadway. Wengi wanaiita miaka ya dhahabu. Mimi sibishi sana.

Nikiwa mpapasa kinanda ruhusa nimtaje Tony Banks kwa urefu kidogo. Kule mwanzo wa Foxtrot kuna sauti nzito kama za fidla nyingi zisizokuwa fidla. Ni chombo kiitwacho Mellotron. Ndani yake kila kitufe cha kinanda kina mkanda wake wa sumaku uliorekodiwa sauti ya chombo halisi. Ukibonyeza kitufe, mkanda unaanza kuvutwa kupita kwenye kichwa cha kusomea, na una sekunde kama nane tu. Zikiisha, sauti inakatika na mkanda unarudishwa kwa springi. Maana yake huwezi kushikilia nota upendavyo, lazima upange vidole vyako kwa kufuata urefu wa mkanda. Banks alitunga ule utangulizi kwa kusikiliza ni nota zipi chombo chake kibovu kinazitoa vizuri zikigandana. Mimi niliyekulia kwenye kaseti zilizolegea nilipolijua hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala. Yaani ile sauti inayozama na kuibuka niliyodhani ni ubovu wa redio ya baba, nusu yake ilikuwa imo kwenye muziki toka Uingereza.

Gabriel ndiye aliyekuwa wa kutazamwa. Septemba 1972, jijini Dublin, alitoka jukwaani katikati ya wimbo akarudi amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha. Wenzake hakuwaaga wala hakuwaambia. Picha zikatapakaa, ada ya bendi ikapanda, na kuanzia hapo kila gazeti likawa linaandika kana kwamba Genesis ni Gabriel na watu wanne wa kumsindikiza. Ukiwa ndiye unayetunga sehemu kubwa ya muziki, umekaa pembeni umeinamia kinanda, hilo linauma hata kama hulisemi.

Mwaka 1974 binti wa kwanza wa Gabriel alizaliwa kwa shida na ilidhaniwa hataishi. Yeye anataka kuwa hospitali, bendi inataka amalize mashairi ya The Lamb. Novemba mwaka huohuo, ziara ikiwa ndiyo inaanza, huko Cleveland aliwaambia wenzake kwamba anaondoka. Lakini, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo, alimaliza ziara. Maonyesho kama mia moja, mpaka Mei 1975, akiwa ameshaaga ndani kwa ndani. Tangazo kwa umma lilitoka Agosti.

Sisi wapenzi wa dansi kuhama bendi hakutushangazi. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Muhidin Gurumo alikuwa NUTA Jazz, akapita Mlimani Park, akapita OSS, akarudi Msondo, na huo Msondo wenyewe ulikuwa umeshaitwa NUTA, JUWATA na OTTU. Kwetu, mara nyingi vyombo ni vya mwenye bendi na mwanamuziki ni mwajiriwa, kwa hiyo mwenye fedha akija na dau la usajili, mtu anabeba begi lake usiku. Anayebaki anamtungia aliyeondoka wimbo wa mafumbo, aliyeondoka anajibu, mashabiki tunanunua vyote viwili. Burudani ni kubwa. Ila hakuna anayemaliza ziara.

Yalitukuta. Bunge limekaribia, mkataba na hoteli umeshasainiwa, mwimbaji wetu akapigiwa simu kutoka Dar. Ijumaa yupo mazoezini anakula mishikaki yetu, Jumatatu tunasikia yuko Kinondoni anaimba na watu wengine, na shati la sare amekwenda nalo. Tukakaa kikao nyuma ya ukumbi. Mimi, kwa kuwa naijua historia ya Genesis, nikajidai mshauri: mpiga dramu aimbe. Sauti anayo, kwaya imemlea. Na kweli aliimba, tena kwa utulivu kuliko yule mtoro. Balaa likawa nyuma. Dramu tulimpa kijana mmoja wa jirani, naye alikimbiza kila wimbo kama anawahi basi la alfajiri. Rumba ya kucheza wazee waliotoka vikaoni ikageuka mchakamchaka. Mpiga besi aligoma kumfuata, mpiga solo akamfuata, mimi nikabaki katikati sijui nishike upande upi. Mama mmoja mheshimiwa alikuja mbele akatuuliza kwa upole, "Wanangu, mnawahi wapi?"

Genesis walilijua hilo tatizo. Walisikiliza waimbaji wengi wapya, Collins ndiye akiwafundisha wasailiwa namna ya kuimba, mpaka ikadhihirika kwamba anayefundisha anaimba kuliko wanaofundishwa. A Trick of the Tail ikatoka Februari 1976 na ikauza kuliko albamu zote zilizotangulia. Studio hapakuwa na shida, Collins alirekodi dramu, kisha akarekodi sauti. Jukwaani ndipo penye kazi, kwa hiyo wakamwita Bill Bruford, aliyewahi kupiga na bendi za Yes na King Crimson, akae nyuma. Onyesho la kwanza Collins akiwa mwimbaji lilifanyika London, lakini ile ya Kanada, nadhani kwa kujificha kidogo. Mwaka uliofuata akaja Chester Thompson, Mmarekani aliyetoka kwa Frank Zappa na Weather Report. Na pale muziki ulipokuwa hauna mashairi, Collins alirudi kwenye dramu zake, wakapiga wawili pamoja. Sikilizeni Seconds Out ya 1977 kwa spika nzuri, moja kushoto moja kulia, mtawasikia wanavyopishana. Hakuna anayemwahi mwenzake.

Hackett aliondoka mwaka huohuo wa 1977, Seconds Out ikiwa inachanganywa studio. Sababu haikuwa siri. Mpaka wakati wa The Lamb, nyimbo zote ziliandikwa kuwa zimetungwa na bendi nzima. Kuanzia A Trick of the Tail kila wimbo ukaanza kubeba jina la aliyeutunga, na mtu akahesabu vyake. Hackett alikuwa na nyimbo nyingi zinazokataliwa. Inasimuliwa kwamba Collins alimwona barabarani akasimamisha gari ampe lifti wakaendelee na kazi, Hackett akasema hapana, nitakupigia baadaye. Basi. Bendi ikabaki ya watu watatu, wakaiita albamu iliyofuata, ya 1978, And Then There Were Three, na ndani yake ukamo wimbo wao wa kwanza kuingia kumi bora Uingereza. Mwaka 1983 wakarudi kuandika kila wimbo kuwa ni wa wote. Wenye bendi hapa nchini wangelisoma hilo la majina ya watunzi kabla ya kununua sare.

Kitu kinachonifanya niwapende hawa watu si kwamba hawakugombana. Waligombana. Ni kwamba aliyetoka aliweza kurudi kugonga hodi. Mwaka 1979 Gabriel anatengeneza albamu yake ya tatu ya peke yake, nani anamwita akapige dramu? Collins, yuleyule aliyekalia kiti chake cha uimbaji. Na hapo, mafundi mitambo wenzangu, pakatokea jambo. Gabriel alikuwa amepiga marufuku matoazi: ngozi tu, hakuna chuma kinacholia juu. Fundi wa sauti, Hugh Padgham, alikuwa na miksa yenye maiki moja iliyotundikwa chumbani kwa ajili ya kuwasikia wanamuziki wanapoongea. Maiki hiyo ilifungwa kompresa kali, ili anayenong'ona kona na anayepayuka karibu wasikike sawa. Collins alipopiga dramu maiki ile ikiwa wazi, chumba kizima kikavimba. Padgham akaongeza geti, kifaa kinachoifunga sauti inaposhuka chini ya kiwango ulichoweka. Matokeo yake ukipiga pigo moja unasikia mlipuko wenye mwangwi mkubwa, halafu kimya cha ghafla, mwangwi umekatwa shingo. Huo ndio mlio wa dramu uliotawala miaka yote ya themanini. Collins akaubeba kwenye albamu yake ya kwanza ya peke yake, Face Value ya 1981, na huko ndiko alikopata umaarufu uliowafanya wengine wasahau kwamba ana bendi. Kila kinanda cha harusi kinachouzwa Kariakoo kina mlio huo ndani, umepewa namba tu.

Sasa tuje kwenye kamba yetu. Gabriel alikuwa amepagawa na muziki wa Afrika na Asia. Julai 1982 yeye na wenzake wakaandaa tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, wakaalika vikundi kutoka pembe zote za dunia, wakiwemo wapiga ngoma wa Burundi. Muziki ulikuwa mtamu, mahesabu yakawa machungu. Tamasha likala hasara kubwa, wadai wakamwandama Gabriel kwa sababu jina lake ndilo walilolijua, na vitisho vikafika mpaka nyumbani. Mnajua waliomwokoa? Genesis. Tarehe 2 Oktoba 1982, uwanja wa Milton Keynes, bendi aliyoiacha miaka saba nyuma ilipanda naye jukwaani kwa usiku mmoja ili fedha zikalipe madeni yake. Mvua ilinyesha kutwa. Gabriel aliletwa jukwaani ndani ya jeneza lililobebwa mabegani. Hackett naye alikuja akawahi nyimbo za mwisho. Kwa hiyo siku ile walikuwepo wote watano, na hawakuwahi kupiga tena pamoja hadharani baada ya hapo.

Deni likalipika, WOMAD ikaishi. Mwaka 1989 ikazaliwa Real World, kampuni ya kurekodi ya Gabriel. Na mwaka 1996 Real World ikatoa Chibite ya Hukwe Zawose.

Mzee Zawose ni wa kwetu hapa. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemsikia akamwita Dar es Salaam miaka ya sitini, akaja kuwa mwalimu pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na sauti yake ilikuwa na uwezo wa kushuka chini ya besi kisha ikapanda juu ya ya mtoto katika pumzi moja. Ilimba aliyoicheza, ile marimba kubwa ya Kigogo yenye vipande vingi vya chuma, si kitu cha kusindikiza. Inaongoza. Pamoja na ndugu yake Charles Zawose alifanya pia albamu na Mkanada Michael Brook, na mwaka 2002 yeye na Charles walizunguka Marekani kwenye ziara ya Gabriel. Mgogo na ilimba yake kwenye kumbi za maelfu ya watu. Mzee alifariki Desemba 2003, Charles akamfuata 2004.

Vuteni kamba nyuma muone. Kama Gabriel angeondoka 1975 kwa kubamiza mlango, kwa mafumbo na kuchukua shati la sare, nani angepanda jukwaani kwa ajili yake kwenye mvua ya 1982? Siwezi kuapa kwamba Real World isingezaliwa. Lakini WOMAD ingekuwa imezikwa na hasara ya mwaka wake wa kwanza.

Niliwahi kuibeba hii habari mpaka Chamwino, wakati wa tamasha la muziki wa Cigogo. Palikuwa na babu mmoja amekaa chini ya mti anakaza ilimba yake, anapaka nta ya nyuki kwenye vyuma ili kuishusha sauti. Nikamsalimu, mbukwa, tukaongea. Nikampa visikizio, nikamwekea Chibite kwanza. Akatikisa kichwa, akaniambia huyo wanamjua, na kwamba hapo anapoimba alikuwa amepitiwa na mafua. Sikuwa nimewahi kulisikia hilo, na nimesikiliza ile albamu miaka. Halafu nikamwekea Foxtrot, kile kipande cha mwisho ambapo Banks anakimbiza kinanda juu ya hesabu ya tisa. Akasikiliza kwa heshima. Kidole chake gumba kikaanza kugonga kwenye ubao wa ilimba, kikapotea, kikaipata tena. Akavua visikizio akanirudishia. "Mjukuu wangu," akasema, "hawa watu mbona hawapumui?"

Yaliyobaki ni ya haraka. Miaka ya themanini Genesis ya watu watatu ikawa bendi ya redio na televisheni. Julai 1986 wimbo wao Invisible Touch ulishika namba moja Marekani, na ulioung'oa pale juu ulikuwa Sledgehammer wa nani? Wa Peter Gabriel. Collins aliondoka 1996. Banks na Rutherford wakamleta Mskoti Ray Wilson, wakatoa Calling All Stations 1997, Marekani haikununua, ziara ya huko ikafutwa. Wilson hakuimba vibaya. Alipewa bendi ambayo watu walikuwa wameshazoea kuitambua kwa sauti ya Collins, na hapakuwa na mpiga dramu wa kudumu wa kumshika mkono. Watatu wakarudiana 2007, na Roma, kwa Waitaliano walewale, wakapiga bure mbele ya watu wanaokadiriwa kufika nusu milioni. Ziara ya mwisho iliishia London tarehe 26 Machi 2022. Collins aliimba amekaa kitini kwa sababu ya mgongo, dramu zikapigwa na mwanawe Nic, na Gabriel alikuwa miongoni mwa watazamaji.

Ukihesabu wote waliopita, ni wawili tu waliokuwemo toka Charterhouse mpaka usiku huo: Banks na Rutherford, wapole wawili ambao ungewapita Nyerere Square usiwageukie. Hackett naye mpaka leo anazunguka dunia na nyimbo za zamani, na kusema kweli anazipiga kwa uaminifu kuliko bendi yenyewe ilivyokuwa ikizipiga uzeeni. Rafiki yangu mpiga solo anasema huyo ndiye Genesis halisi. Tumelibishania hilo mpaka mhudumu akatuzimia taa.

Mwaka 2024 Real World imetoa Maisha ya Zawose Queens, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Mzee. Nimeshaiweka kwenye simu ya kazi. Nikifunga mitambo ukumbini, kabla wageni hawajaingia, hupima spika kwa vitu viwili: dramu za Collins kwenye ile albamu ya tatu ya Gabriel kwa ajili ya chini, na ilimba za kina Zawose kwa ajili ya katikati na juu, maana vile vyuma vikisikika kimoja kimoja ujue hata sauti ya bibi harusi anayelia itasikika. MC wa juzi alikuja na maiki mkononi akaniuliza huu ni muziki gani na kwa nini siweki singeli. Nikamwambia asogee kwanza, amesimama mbele ya spika ya kushoto.